Bunduki Iliyochongewa Jipu

Denzil Yarnold alisubiri miaka kumi na tisa apimwe shavu, na siku ya kupimwa ilipofika, shavu lilikuwa limevimba.

Asiyetoka pande zile za Herefordshire atauliza shavu linapimwa la nini. La bunduki. Si bunduki ya vita wala ya kuwindia. Ni bunduki ya upepo, ile inayosukuma kirisasi kidogo kama punje ya mtama kwa nguvu ya springi na hewa. Majira ya baridi yakiingia, watu wazima wenye wajukuu hukusanyika baa, husimama hatua saba kutoka kwenye bamba la chuma, na kulenga tundu lisilozidi kifungo cha shati. Nyuma ya tundu kuna kengele. Kirisasi kikipita, kengele hulia na mtu huandikiwa alama tano. Kisipopita, huacha doa kwenye rangi nyeupe ya bamba, na wapinzani husema "pole sana" kwa furaha isiyofichika.

Bunduki za dukani zipo tele, na zinagonga kengele vizuri tu. Lakini ukimwambia Denzil hivyo atakutazama kama umemtukania mama. Yeye alikuwa dereva wa lori la maziwa, mwenye miaka hamsini na minane, na duniani alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni bunduki za Aubrey Gittins. Aubrey alizitengeneza peke yake kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Mtutu aliukereza mwenyewe, kifyatulio alikipiga tupa mpaka kikaitika ukikigusa tu, na kitako alikichonga kwa mti wa mjozi uliokauka miaka tisa chini ya kitanda chake. Katika miaka hamsini alikuwa ametengeneza arobaini basi. Denzil alikuwa nazo kumi na moja.

Kumi na moja, na hakuna hata moja iliyokuwa yake hasa. Hapo ndipo palipomkereketa. Maana Aubrey hakumchongea mtu bunduki kabla hajampaka plasta shavuni, ile ile ya kufungia mifupa, na kungoja ikauke. Kisha alikichonga kitako kifuate shavu hilo na si lingine. Zile kumi na moja Denzil alizipata minadani na kwa wajane, kwa hiyo kila alipotaka kulenga ilibidi aazime uso wa marehemu fulani. Kwa bunduki ya marehemu Tranter alipinda shingo kama kuku anayesikiliza. Kwa ile ya mwalimu mkuu wa zamani ilimlazimu anune. Beryl, mkewe, alijua ni bunduki ipi imetolewa kabatini kwa kumtazama mumewe usoni tu.

"Leo uko na mwalimu," alikuwa akimwambia bila kuacha kumenya karoti.

"Umejuaje?"

"Umenuna kama umenyimwa chai."

Basi barua ya Aubrey ilipofika, Denzil aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akakaa chini akaisoma tena. Iliandikwa kwa herufi kubwa zilizopanda na kushuka: Jumanne saa nne, njoo na uso wako. Ilifika Jumamosi. Jino lake la nyuma, upande wa kulia, lilikuwa limeanza kumpiga tangu Ijumaa, na kufikia Jumatatu shavu lilikuwa limefura kama andazi.

"Mpigie simu mzee wa watu, umwambie unaumwa," Beryl alisema.

"Nimwambie nini? Nimekaa kwenye foleni miaka kumi na tisa, halafu zamu yangu imefika naanza kumpangia siku?"

"Una jipu, Denzil!"

"Foleni ni foleni."

Kwa watu wale foleni ni ibada. Mtu anaweza kugombana na nduguye kanisani akasamehewa, lakini akiacha zamu yake ipite, anarudi mkiani na hana wa kumlilia. Na kutaja maumivu yako mbele ya mtu msiyezoeana ni kukosa adabu kabisa. Kwa hiyo Denzil akaenda na jipu lake, akanyoa na ndevu.

Macho ya Aubrey siku hizo yalikuwa yamebaki ya kujua mchana na usiku tu. Alifanya kazi kwa vidole. Alimkalisha Denzil kwenye stuli, akampapasa shavu, akapapasa tena.

"Hili sasa ndilo shavu," alisema kwa heshima. "Nimeshika mashavu ya watu arobaini, bwana. Sijapata kushika kama hili."

Denzil, machozi yakimchuruzika kwa maumivu huku akipakwa plasta, akajibu, "Asante sana, Bwana Gittins."

Ndiyo, alisema asante. Mtu tunayemzungumzia ndiye huyo, na msitegemee atapata akili baadaye.

Wiki iliyofuata jipu likanywea lenyewe, naye akalisahau. Ulipita mwaka na miezi miwili, Aubrey akamwita akachukue bunduki. Denzil aliipokea kwa mikono miwili. Mti ulikuwa na mistari myeusi na ya rangi ya asali, imelala kitakoni kana kwamba imechanwa kwa kitana. Chuma kilikuwa cha buluu iliyokolea. Na pale pa kuwekea shavu palikuwa na bonde, refu, laini, lililoshuka na kupanda taratibu hata mtu akatamani kulilalia usingizi. Hakuna bunduki yoyote kati ya zile arobaini iliyokuwa na bonde kama lile.

"Hiyo ndiyo ya mwisho," Aubrey alisema. "Patasi nimeshazigawa. Nina jambo moja tu la kukuomba. Fainali ya ligi nitakuja nikae pale baa. Sioni, lakini kengele naisikia. Nataka niisikie ikilia mara tano kwa bunduki hii, halafu nikapumzike."

"Itakulilia, mzee wangu."

Nyumbani Denzil alifunga mlango, akainua bunduki, akaweka shavu. Shavu halikukuta kitu. Kati ya uso wake na ule mti palikuwa na nafasi ya kutosha kupitisha kidole. Alipoukandamiza uso ili ufike, jicho likavuka mtutu likabaki linatazama ukuta. Alijaribu risasi tatu. Ya kwanza ilipiga fremu ya dirisha, ya pili haikuonekana ilikokwenda, ya tatu ilitoboa birika la chai.

Beryl aliliinua birika, akatazama maji yanavyotoka. "Imekuwaje?"

"Amechonga jipu," Denzil alisema. "Beryl, amelichonga jipu langu."

Ule mti uliotolewa ulikuwa umekwisha kuwa vumbi kwenye sakafu ya kibanda. Hakuna wa kuurudisha. Na kwenda kumwambia Aubrey? Mzee wa miaka themanini na minne, aliyefanya kazi ile gizani kwa ncha za vidole, kazi yake ya mwisho, ambayo watu walikuwa wanatoka mbali kama mji wa Ledbury kuja kuipapasa kibandani wakitikisa vichwa? Aende amwambie kwamba vidole vyake vimesifia usaha? Denzil alipolifikiria hilo alijisikia vibaya kuliko alivyowahi kujisikia tangu mazishi ya babake. Kama bunduki haitamfuata yeye, basi yeye ataifuata bunduki. Jipu lilikuwa halina budi kurudi.

Akaanza kulitafuta. Alitafuna tofi upande wa kulia kutwa nzima. Aliendesha lori la maziwa kioo kikiwa wazi, upepo wa Januari ukimpiga taya. Aliacha kupiga mswaki upande ule, jambo lililomuuma roho maana alikuwa mtu msafi. Siku ya kumi na moja jino likaitika, na siku ya kumi na mbili shavu likajaa. Aliinua bunduki. Shavu likaingia bondeni likakaa, jicho likaangukia katikati ya mtutu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Denzil Yarnold alilenga akiwa na uso wake mwenyewe. Kengele aliyoitundika gereji ikalia mara tano kwa risasi tano.

Kwa wiki saba aliishi na jipu lile, akilitunza. Likinywea kidogo analipatia tofi, likizidi analituliza kwa maji ya chumvi. Hakulala vizuri, alikula uji na supu, akakonda mwili mzima isipokuwa shavu.

"Umeniletea mke mwenza," Beryl alimwambia. "Tena huyo anapewa tofi. Mimi mara ya mwisho kupewa tofi ilikuwa lini?"

"Mpaka fainali tu, mke wangu."

"Na likikuua?"

"Litakuwa limenikaa vizuri."

Beryl akaondoka jikoni, akaubamiza mlango. Alikuwa na hasira, lakini zaidi alikuwa na hofu, kwa sababu alimjua mumewe: alikuwa mpole kiasi kwamba hakuna namna ya kumzuia.

Fainali ilipigwa Jumamosi, saa nane mchana, katika baa ya kina Denzil, Nguruwe Mweupe, na wapinzani walikuwa timu ya baa ya Nanga. Aubrey aliletwa na kukalishwa kwenye kiti cha mbao hatua mbili kutoka kwenye mstari, blanketi magotini, bia nusu glasi mkononi. Kwenye meza kando palikuwa na pai za nguruwe, jibini, mkate na vitunguu vya siki. Denzil aliingia shavu likiwa limetangulia. Watu wakampisha.

Aliyeanzisha kisa alikuwa Wini Probert, nahodha wa Nanga, mjane aliyeuza nyama miaka arobaini, na kumkata mtu kwa maneno hakukuwa shida kwake. Naye alikuwa na bunduki ya Aubrey, ya tisa katika zile arobaini, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

"Napinga," Wini alisema. "Kanuni ya kumi na nne. Mlengaji haruhusiwi mto, kitambaa wala kitu chochote cha kuegemea. Lile shavu ni mto."

"Lile shavu ni shavu," Beryl akajibu. Wiki saba nzima alilichukia jipu lile, lakini mgeni kulitukana lilikuwa jambo jingine.

"Mama, shavu gani lina ukubwa wa kiazi?"

"La mume wangu. Lako likilegea tumekuuliza?"

Mwandika alama, bwana mmoja mwembamba aliyependa kanuni kuliko chakula, alifungua kitabu chake. Akasoma, akafikiri, akasema kwamba kitu alichoongeza mtu mdomoni mwake ni kifaa, na kifaa ni lazima kipimwe na kamati.

"Vizuri," Beryl alisema. "Basi na meno ya bandia ni kifaa. Tuanze na nani? Wini, toa yako yapimwe."

Katika walengaji kumi na wawili, tisa walikuwa na meno ya bandia. Watu walianza kutazama viatu vyao. Wini alifungua mdomo kidogo, akaufunga upesi.

"Naondoa pingamizi," alisema.

Mwandika alama akaandika, kwa mwandiko mzuri, kwamba yaliyomo mdomoni mwa mlengaji hayamhusu mtu mwingine, na mchezo ukaanza.

Ulikwenda bega kwa bega. Nanga waligonga, Nguruwe wakagonga. Mpaka zamu ya Denzil, aliyekuwa wa mwisho, Nanga walikuwa wamemaliza na Nguruwe walihitaji kengele tano kati ya tano ili washinde. Lakini Denzil hakuwa anawaza kombe. Alimtazama Aubrey, aliyekuwa ameinamisha kichwa upande, glasi imesimama hewani, mdomo wazi kidogo kama mtoto anayesubiri kijiko.

Kengele ya kwanza ikalia.

"Moja," Aubrey akasema taratibu.

Ya pili ikalia. Ya tatu. Kila mara Denzil aliweka shavu bondeni, maumivu yakampanda hadi sikioni, na ndani ya maumivu yale jicho likatulia. Ya nne ilipolia watu walipiga meza kwa ngumi. Aubrey alikuwa anatabasamu, na kidole chake kilikuwa kinachora kitu hewani, kama mtu anayechonga.

Denzil akapakia risasi ya tano, akainua, akaegemeza shavu. Na hapo jipu likapasuka.

Kwanza alihisi raha. Tuseme ukweli, alihisi raha ambayo hajawahi kuihisi hata siku ya harusi yake. Wiki saba za maumivu zilimtoka kwa mpigo mmoja, mabega yakashuka, macho yakamlegea. Halafu akaelewa. Akatua bunduki, akakimbilia sinki nyuma ya kaunta, akatema, akasukutua, akatema tena. Alipoinuka, kioo kilimwonyesha mtu wa zamani mwenye mashavu mawili sawasawa.

Alirudi kwenye mstari, akainua bunduki, na pale palipokuwa na bonde zuri kuliko yote pakawa na nafasi ya kupitisha kidole. Mtutu ukatazama upande wake, jicho likatazama upande wake. Akaishusha. Angefyatua, kirisasi kingegonga bamba kwa ule mlio mkavu anaoujua kila mtu, na Aubrey, aliyewahi kutambua springi mbovu akiwa chumba cha pili, angejua.

"Mbona kimya?" Aubrey aliuliza. "Denzil? Kuna nini? Ni kifyatulio?"

"Hapana, mzee. Kifyatulio kiko sawa."

"Basi ni nini?"

Denzil alitaka kulia na hakuona haya.

Aliyesogea alikuwa Wini Probert. Alipita mbele ya kila mtu na bakuli la vitunguu vya siki mkononi, kama mwenyeji anayepitisha kitafunwa. Alitazama lile bonde, akatazama shavu lililonywea, akamtazama yule mzee kitini. Mwanamke aliyepima nyama kwa jicho miaka arobaini hakuhitaji kuelezwa. Akachagua kitunguu kikubwa kuliko vyote.

"Weka," alinong'ona.

"Wini, ukinipa hiki mtashindwa."

"Naijua hesabu. Weka kabla sijabadili mawazo. Yaliyomo mdomoni mwako hayanihusu, imeandikwa."

Denzil akakiweka. Siki ikaingia kwenye kidonda kibichi.

Baadaye watu walibishana kama alipiga kelele au la. Beryl anasema hapana, alitoa tu mlio kama wa mlango wa zizi. Machozi yalimwagika, pua ikafunguka. Lakini shavu lilikuwa limejaa. Likaingia bondeni. Haoni tundu, haoni bamba, anaona maji tu, lakini uso wake ulikuwa mahali pake, na kwa wiki saba uso ule ulikuwa umejifunza njia. Akafyatua.

Kengele ikalia.

Nguruwe Mweupe walirukiana. Mtu alimwaga bia. Mwandika alama aligonga meza kuomba utulivu huku yeye mwenyewe amesimama juu ya kiti. Aubrey hakushangilia. Alinyoosha mkono mbele yake.

"Denzil, njoo."

Denzil akaja, akapiga magoti mbele ya kiti. Mkono wa mzee ukapapasa hewa, ukapata sikio, ukateremka shavuni. Vidole vikatulia pale. Vikabonyeza. Kitunguu kikateleza kikahamia upande wa pili.

Furaha ndani ya baa ilizimika polepole, meza kwa meza.

"Shavu lako limehama," Aubrey alisema.

Denzil akatoa kitunguu, akakishika kiganjani. Hakukuwa na la kuficha tena. "Siku ile ya plasta nilikuwa na jipu la jino, Bwana Gittins."

"Ukanyamaza."

"Ilikuwa zamu yangu. Na wewe ulilisifu sana."

Mzee akaomba bunduki. Beryl akamwekea magotini, naye akapitisha kidole gumba katika lile bonde, kutoka juu hadi chini, halafu tena, na uso wake ukaonekana wa kizee kuliko ulivyokuwa asubuhi. Ilimuuma Denzil kumtazama. Maumivu ya jino yalikuwa nafuu kuliko hayo.

"Siku tisa nilichonga hapa tu," Aubrey alisema. "Nilimwambia mke wangu, hata sasa vidole hivi havijanidanganya." Akapumua. "Ni kubwa kiasi gani, hiyo nafasi? Usinidanganye kwa adabu. Umenidanganya kwa adabu vya kutosha."

"Kidole kimoja, mzee."

"Kidole cha nani?"

Denzil hakuelewa. Lakini Aubrey alikuwa ameshaanza kuinuka, amemshika Beryl bega, blanketi limeanguka. Akasimama kwenye mstari, kando ya Denzil, upande wa kulia.

"Pakia," alisema.

Mwandika alama alifungua mdomo kusema kwamba risasi ya sita haimo kwenye kanuni. Wini alimtazama. Akaufunga.

Denzil akapakia, akainua bunduki. Mzee akapapasa mpaka akapata ule mti, akalaza kidole chake cha shahada ndani ya bonde, chote, kuanzia ncha hadi kiganja, kidole kinene chenye makovu ya patasi za miaka hamsini. Denzil akashusha shavu juu yake. Kilikuwa na joto. Kilijaa pale sawasawa, hakikuzidi wala kupungua, na jicho likaangukia katikati ya mtutu.

"Unaona?" Aubrey aliuliza.

"Naona, mzee wangu."

"Basi na mimi nionyeshe."

Kengele ikalia. Aubrey hakuondoa kidole chake, na Denzil hakuinua shavu.